Ningu wamepanda: banda la samaki wa ziwa nyuma ya soko la Kongowea

Niseme mapema ili nisidhaniwe nimelipwa: mimi si mpenzi wa samaki wa maji baridi. Nimezaliwa Mkomani, mjomba wangu alikuwa na ngalawa na madema, na nyumbani kwetu ukisema umekula samaki wa bara unaulizwa kama ulikosa nauli ya kurudi. Samaki kwetu ni changu, tafi, tewa, kolekole. Wa ziwani, tuliambiwa, ananuka tope. Kwa hiyo mwezi wa Aprili mwaka jana, kijana ninayetengeneza naye mashine za mashua aliponikokota hadi kwenye banda moja nyuma ya soko la Kongowea, nilikwenda kwa adabu tu, ndimu mbili mfukoni.

Banda ni la mabati, meza nne, mabenchi, na pipa la maji lenye bomba la kunawia ambalo lazima uligonge kidogo ndipo litoe. Bango hakuna. Ukipotea waulize wabeba mizigo, sema unakwenda kwa mama wa ningu. Jikoni yuko yeye na binti zake wawili. Nje, chini ya mwarobaini, hukaa baba mkwe wake na redio yake. Huyo mzee alivua kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, tangu ujanani, mpaka magoti yalipokataa na wajukuu wakamleta Mombasa.

Nikauliza, "Mama, leo kuna nini?"

"Leo ningu, baba. Wamepanda."

"Wamepanda hadi shilingi ngapi?"

Aliweka mwiko chini akacheka mpaka binti zake wakatoka kuangalia. "Si bei. Wamepanda mto!"

Basi nikaletewa ningu. Samaki mwenyewe ni wa urefu wa kiganja na nusu, amepasuliwa mbavuni, amekaangwa kisha akatiwa mchuzi wa nyanya na dania. Mdomo wake uko chini ya pua, midomo minene kama ya mtu aliyenuna, maana hula kwa kukwangua ukoga wa mawe na tope. Mwiba anao, tena ile ya panda mbili, midogo kama sindano, inayokaa ndani ya nyama bila mpango. Ukila kwa haraka utajuta. Lakini nyama ni tamu, wallahi. Ina mafuta, na haina tope hata kidogo. Tumbo lilikuwa limejaa mayai, mafungu mawili ya rangi ya manjano, yaliyokauka kwa nje na laini kwa ndani. Ndimu zangu zilirudi nyumbani mfukoni.

Mayai yale ndiyo yaliyonifanya nihamie chini ya mwarobaini na chai yangu. Nilimwamkia mzee, akaitikia, nikamuuliza mbona kila ningu niliyemwona kwenye sufuria alikuwa na mimba. Akazima redio.

Kwa maneno yake, ningu ni samaki wa nyumba mbili. Anakula na kunenepa ziwani, ila kuzaa huzaa mtoni. Mvua ya masika ikipiga milima ya juu, mito kama Nzoia, Yala, Nyando na Sondu hujaa na kuteremsha maji mekundu, yana udongo na harufu ya majani. Maji hayo yakiingia ziwani, ningu wakubwa hukusanyika mdomoni mwa mto. Halafu hugeuza pua kuelekea mkondo na kupanda. Wanapanda kwa makundi, wakikata maji ya nguvu, mpaka wafike mahali mto umevunja kingo na kuzamisha nyasi. Humo ndimo wanamwaga mayai.

Nikamuuliza faida yake nini, kuchoka kote huko na ziwa lote lile. Mzee akahesabu kwa vidole. Kwenye nyasi zilizozama maji ni mapya na yana hewa. Kuna chakula kidogo kidogo kinachofaa kinywa cha kifaranga. Na wale samaki wakubwa wanaokula wenzao hawapendi kuingia kwenye maji ya kifundo cha mguu. Mto ukianza kupungua, wakubwa hurudi ziwani, na watoto hufuata baadaye wakishapata nguvu. Atakayechelewa hubaki kwenye dimbwi, na dimbwi likikauka ni karamu ya ndege.

Hapo nikamwelewa kabisa, maana ni mambo ya kwetu yaliyovaa nguo nyingine. Mjomba hakutega dema bila kutazama mwezi. Tafi hupanda na maji ya bamvua kula majani juu ya mwamba, maji yakipwa hutoka. Mkizi, yule ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi, huingia mkondo wa Tudor na maji kujaa. Ziwani hakuna bamvua, ziwa halijai na kupwa kama bahari. Kalenda ya ningu iko mawinguni. Masika humpandisha, na vuli ikiwa nzuri humpandisha tena.

Ndiyo maana nalipa banda hili alama nyingi kuliko mikahawa ya vioo kule Nyali. Kule utapewa "tilapia" mwezi wowote, saa yoyote, wote wamelingana kama matofali, na wengi wao wametoka kwenye katoni la barafu kutoka China. Hapa unaambiwa ukweli: leo wapo, leo hawapo, njoo wiki ijayo kukinyesha. Mara ya pili nilipokwenda, mwanzoni mwa Agosti, niliomba ningu nikajibiwa, "Mto umelala, baba." Nikala ngege, yaani tilapia wa ziwani.

Na siku hiyo ya ngege nilijifunza kitu kwa ukucha wangu mwenyewe. Mwenzangu aliagiza sangara, tukawekewa sahani mbili pamoja. Mzee, ambaye huwa haachi watu wale kwa amani, alikuja na kijiti cha meno akatuonyesha mstari ubavuni mwa kila samaki. Kwa sangara mstari unaanzia nyuma ya shavu, unakwenda bila kukatika, unaingia mpaka ndani ya mkia wenyewe. Kwa ngege unafika nyuma ya mgongo unakatika, halafu unaanza mwingine chini yake hadi mkiani. Nimekula samaki miaka hamsini na ushee na sikuwahi kuangalia. Pitisha ukucha taratibu, hata kwenye ngozi iliyokaangwa utasikia vijitundu. Kwa mstari huo samaki huhisi maji yanavyosukuma na kutetemeka, ajue mkondo unatoka wapi, jirani yuko wapi, adui anakuja upande gani. Ningu gizani kwenye maji ya udongo, jicho halimsaidii. Huo mstari na pua ndio humpeleka.

Ngege mwenyewe si msafiri wa mbali. Safari yake ni ya kutoka sebuleni kwenda jikoni. Dume huchimba kiota kama bakuli kwenye maji mafupi, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakishtuka hurudi mdomoni mwa mama. Watoto hukulia ukingoni kwenye majani, na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyosogea kwenye maji ya kina. Kwa hiyo mvuvi akikokota wavu ufukweni, alisema mzee, amebeba chekechea nzima. Ngege ule nilipewa na mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyopikwa kwa maziwa, chungu kidogo, na sima. Sima ya hapa ni ngumu. Ngumu kweli, ya kujengea. Sisi wa pwani tumezoea laini inayokubali mchuzi. Niliomba wapunguze unga, nikaangaliwa kama niliyeomba sima ya mgonjwa.

Sasa omena, wale dagaa wa ziwani. Omena nimekula hapa mara mbili na mara ya kwanza ilikuwa nzuri mno, imekaangwa ikakauka, kitunguu kingi, pilipili mbichi juu. Mara ya pili, Septemba, nilikuta ni chache, zina mchanga wa kuanikiwa, na bei imeongezwa shilingi 50. Nikauliza kulikoni. Mama hakujibu kwa mdomo, alinyoosha kidole juu. Ilikuwa saa moja jioni na mwezi mpevu ulikuwa umeshatoka juu ya paa za Kongowea.

Hili mvuvi yeyote wa pwani anayevua kwa taa atalielewa kabla hujamaliza kusema. Omena husafiri kila siku, lakini safari yao ni ya kwenda juu na chini. Mchana hukaa chini kwenye kina, mbali na mwanga, mbali na ndege na samaki wakubwa. Jua likizama hupanda juu kufuata wadudu wadogo wa majini ambao nao hupanda usiku. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai na siku hizi za sola, wakaziweka juu ya maji, wadudu wakaja, omena wakaja, wavu ukazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa yako ni nani? Ziwa zima lina mwanga, omena hawana sababu ya kukusanyika kwako. Kwa hiyo biashara ya omena ni biashara ya giza. Ukitaka nzuri kwa bei nzuri, nenda mwezi ukiwa mwembamba. Na kumbuka pia kwamba upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili wazaane. Miezi hiyo utakayouziwa ni ya akiba ya gunia, au imevuka mpaka. Mama alikubali hilo bila kupepesa macho, na gorogoro la akiba analo kweli, liko chini ya meza ya tatu.

Malalamiko sasa, maana sikuja kusifu tu.

Januari nilifika na mke wangu. Nilikuwa nimemsifia banda mpaka akavaa buibui jipya. Tukaagiza sangara. Nilivyoitia mkono tu ile minofu nikajua: ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva, inaachana yenyewe, na harufu yake ilikuwa ya kuomba msamaha. Samaki hawa hupanda basi jioni Kisumu, wakiwa kwenye boksi la barafu, na ni zaidi ya kilomita 800 mpaka hapa. Basi lilikuwa limeharibika njiani karibu na Mtito Andei, barafu ikayeyuka. Haya, ajali ni ajali. Lakini mama aliijua hali hiyo kabla ya kuwasha jiko, na hakuniambia. Yeye ambaye sifa yake yote ni kusema ukweli! Nilimwambia hivyo, kwa heshima, mbele ya wateja. Alinyamaza, kisha akasema, "Nimekosa, baba. Pesa nimeshaipeleka sokoni, ila kaa." Pesa hazikurudi. Kilichokuja ni bakuli mbili za mchuzi wa kamongo.

Mke wangu alikitazama kipande akauliza kama ni nyoka. Simlaumu, kamongo ni mrefu, mviringo, na mapezi yake ni kama kamba nne zilizosahauliwa. Mzee akafurahi kupata mwanafunzi mpya. Kamongo ana mapafu, bibi, akamwambia, na lazima aje juu kuvuta pumzi kama wewe, ukimzuia chini ya maji atakufa. Ndiyo maana anaweza kuishi ndani ya mafunjo na kwenye vinamasi ambako maji hayana hewa. Mkewe mtu akala vipande vitatu. Nyama ni nzito, ya kutafunwa, inafanana zaidi na kuku wa kienyeji kuliko samaki. Mimi bado sijaamua.

Kuhusu sangara, mzee aliongeza kwamba hata bila basi kuharibika, miezi ile ya joto na utulivu si ya kumtegemea. Sangara hana subira na maji yaliyokosa hewa. Ziwa likikaa muda bila upepo wa nguvu, maji ya joto hulala juu na ya baridi hubaki chini, na yale ya chini huishiwa hewa. Sangara husogea juu au pembeni, mvuvi aliyezoea kumtega mahali fulani akose. Halafu katikati ya mwaka upepo wa kusini-mashariki hupiga na kulikoroga ziwa lote, hewa ikafika chini, samaki wakatawanyika tena. Huo upepo ni ukoo mmoja na kusi letu, lile linalofunga bahari nje ya mwamba na kuwaweka manahodha barazani. Hapa linatunyima samaki, kule linawarudishia pumzi. Na huyo sangara ni mgeni, tusisahau. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawala wenyeji wengi mpaka wengine hawajaonekana tena.

Jambo la ningu bado linanikera, na sitaki kulificha kwa sababu chakula ni kitamu. Yule mzee alisimulia kwamba zamani mitoni walitega kwa uzio wa matete, wakiuita kek, unaofanana sana na uzio wetu wa fito huku pwani. Ulikamata wengi na uliwapisha wengi. Nyavu za kutega, zilizoingia ziwani mwaka 1905, zikaja kusambazwa kwenye midomo ya mito msimu wa kupanda, usiku na mchana, zikiwanasa majike kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1960 samaki ambaye alikuwa miongoni mwa wakuu wa soko alikuwa amekuwa wa kuulizia. Wale ninaowala Kongowea ni mabaki ya msafara.

Kwa hiyo nilimuuliza mama, mwezi uliopita, ningu hawa wamenaswa wapi: mdomoni wakipanda, au ziwani? Akasema tajiri wake wa Kisumu hutuma alichopata, na kwamba asiponunua yeye atanunua mwingine. Jibu hilo nimelisikia pia Mombasa kuhusu kamba wenye mayai. Mie sina uso wa kumhukumu, niliyala yale mayai nikalamba vidole. Ila sasa ningu wa masika simwagizi. Namwagiza baada ya mvua, akiwa anarudi, amekonda kidogo na hana mayai. Ladha imepungua, nakubali. Mafuta ameyaacha njiani.

Siku hiyo hiyo nilipata nafasi ya kumlipa mzee kwa masomo yake. Nilimwambia kuhusu mkunga wa mtoni, yule anayenaswa Sabaki na Tana, kwamba yeye hufanya safari ya ningu kichwa chini miguu juu: huzaliwa mbali ndani ya Bahari ya Hindi, akaja mdogo mwembamba, mwangavu kama kioo, akaingia mdomo wa mto, akapanda, akaishi huko juu miaka mingi kwenye maji matamu. Siku moja mvua kubwa ikija huteremka na mafuriko, akarudi baharini kuzaa mara moja tu, akafa.

"Anazaa kwenye chumvi?" mzee akauliza.

"Kwenye chumvi, baba."

Alitikisa kichwa muda mrefu, akamwita mkwewe aje asikie uongo wa watu wa pwani, akaniagizia chai kwa pesa yake.

Ya kuzingatia ukienda. Ngege wa kiasi ni shilingi 450, mkubwa 700. Ningu 350 wakiwepo. Omena 150, mwezi mpevu 200. Kamongo hana bei maalumu, inategemea uso wako. Malipo kwa M-Pesa au taslimu, lakini asubuhi chenji ya elfu moja huwa hakuna. Chakula huchukua dakika arobaini, kwa sababu hawakaangi kabla hujafika, na hilo mimi naliona ni jema ingawa tumbo halikubaliani. Nzi wapo. Saa saba mchana meza zote zimejaa madereva na wachuuzi wa nyanya, nenda saa tisa. Uliza samaki ameingia lini, na uliza ukimtazama mama usoni, tangu Januari hajibu upuuzi. Omba sima laini ukiweza, mimi nimeshindwa. Jumapili hafungui mpaka atoke kanisani, na mzee siku hiyo hukaa na redio imewashwa, usimsumbue.